William Coley: daktari aliyewasha homa ili kuzima saratani

Kila baada ya wiki tatu, siku ya Jumanne, mie ndiye ninayempeleka kaka spitali hapa Maskati kuwekewa dripu yake. Dripu yenyewe haina muda, nusu saa hivi imekwisha. Lakini usubiri majibu ya damu, usubiri dawa ichanganywe, usubiri kitanda, asubuhi nzima inakatika. Kaka siku hizo hapendi kuzungumza, koo lake limekuwa kavu tangu alipopigwa mionzi. Basi mie nasoma. Katika kusoma huko ndipo nilipokutana na maisha ya daktari mmoja wa Marekani, William Bradley Coley, aliyefariki mwaka 1936, kabla mama yetu hajazaliwa. Nimeona niyaandike, maana nyumba nyingi zetu, za hapa Ghuba na za Uingereza, zina mgonjwa anayetajiwa hii tiba ya kinga, na watu hawajui imeanzia wapi.

Coley alizaliwa Januari 1862 katika mji wa Westport, jimbo la Connecticut. Alisoma Yale, akaenda kufundisha shule miaka miwili huko Portland, Oregon, upande wa pili kabisa wa nchi, kisha akarudi kusomea udaktari Harvard na kumaliza mwaka 1888. Akawa daktari wa upasuaji New York. Zama zile mpasuaji alikuwa mfalme. Dawa za usingizi zipo, usafi wa vyombo umeshaanza kueleweka, na kila uvimbe unaoonekana unakatwa. Kijana huyu hakuwa na sababu ya kufikiri kwamba kuna njia nyengine.

Sababu ikaja mwaka 1890. Akaletewa msichana wa miaka 17, Elizabeth Dashiell, jina la nyumbani Bessie. Akiwa safarini alibanwa mkono baina ya viti viwili vya treni. Jambo dogo, la kusuguliwa mafuta likapita. Lakini mkono ukavimba na maumivu yakakataa kuondoka. Mwisho ikabainika ni sakoma, saratani inayoota kwenye mifupa na nyama laini za mwili. Coley akaukata mkono chini ya kiwiko. Ndiyo tiba iliyokuwepo, na aliifanya kama ilivyotakiwa. Haikufaa kitu, ugonjwa ulikuwa umeshatawanyika mwilini. Januari 1891 Bessie akafariki.

Wapasuaji wengi wangezika na kuendelea na kazi. Coley lilimkaa moyoni. Akaenda kwenye majalada ya zamani ya hospitali yake, akaanza kuyapekua moja moja, kila mgonjwa wa sakoma aliyepita pale, kutafuta kama yupo aliyepona, na kama yupo, kwa nini. Kazi ya ukarani hiyo, si ya mpasuaji anayejengewa jina.

Akamkuta mmoja. Mhamiaji wa Kijerumani, jina lake Stein, alikuwa na sakoma ya shingo. Alikuwa amepasuliwa mara kadhaa na kila mara uvimbe unarudi. Madaktari wakakata tamaa. Halafu, kidonda kikiwa bado wazi, akashikwa na erisipela, ugonjwa wa bakteria unaoifanya ngozi iwe nyekundu, imevimba na inaunguza kama moto, na mgonjwa anapata homa kali ya kutetemeka. Wakati huo hakuna penisilini, watu walikuwa wanakufa kwa erisipela. Huyu bwana hakufa. Homa ilivyopanda uvimbe ukawa unayeyuka, na alipopata nafuu akaruhusiwa kwenda zake. Jalada likaishia hapo. Hakuna aliyejiuliza kimetokea nini.

Hapa ndipo nilipompenda Coley. Hakutosheka na karatasi. Alitoka akazunguka mitaa ya wahamiaji ya Manhattan, kwenye majengo yale ya vyumba vilivyobanana, akiuliza nyumba hadi nyumba, mpaka akampata yule mtu. Miaka saba hivi imeshapita. Yuko hai, mzima, na kovu lake shingoni.

Akasoma zaidi, kumbe hakuwa wa kwanza kuliona jambo hilo. Huko Ujerumani, Wilhelm Busch alikuwa ameshaandika tangu miaka ya 1860 juu ya uvimbe kusinyaa baada ya erisipela, na Friedrich Fehleisen akaja kukitambua kimelea chenyewe. Lakini hakuna aliyeishika njia hiyo na kuifuata mpaka mwisho.

Mwezi wa Mei 1891 Coley akampata mgonjwa wa kumjaribia, Mtaliano anayejulikana kwenye maandiko kwa jina la Zola, umri wake miaka 35. Nilipofika hapa nilinyamaza, nikamtazama kaka kwenye kiti chake. Zola alikuwa na uvimbe shingoni na mwengine kwenye tonsili, koo limeziba hata kula hawezi, kuzungumza kwa taabu, na hesabu ya maisha yake ilikuwa ya wiki tu. Tonsili na shingo. Ndipo palepale ilipo ya kaka.

Coley akamdunga bakteria hai wa erisipela. Miezi ikapita, mara uvimbe unapungua kidogo, mara unarudi, na erisipela yenyewe haishiki sawasawa. Akatafuta bakteria wenye nguvu zaidi, wakaletwa kutoka Ujerumani, kwenye maabara ya Robert Koch. Oktoba akamdunga tena. Safari hii homa ikalipuka, na Zola akafika mlangoni mwa mauti. Lakini uvimbe wa shingo ukaanza kuoza na kuvuja, na baada ya wiki mbili haukuwepo tena. Wa kwenye tonsili ulipungua lakini haukwisha. Mtu aliyekuwa hawezi kumeza akala. Aliishi miaka minane mengine, mpaka ugonjwa uliporudi akafariki akiwa kwao Italia.

Lazima niseme upande wa pili, maana hadithi hii ina ladha ya miujiza na watu wetu tunapenda miujiza. Kudunga vimelea hai ni kucheza na moto. Wengine waliodungwa hawakushikwa na homa yoyote, na wawili kati ya wagonjwa wa mwanzo wa Coley waliuawa na erisipela yenyewe. Nilipomsimulia shangazi mambo haya kwa simu, jambo la kwanza alilosema ni kwamba kaka akipata homa basi tusimpe Panadol, tuiache homa ifanye kazi yake. Nikamwambia hapana, shangazi, wallahi usitie neno hilo nyumbani. Mgonjwa wa saratani anayetibiwa akipata homa anakimbizwa spitali, saa yoyote, hata usiku wa manane. Homa ya Coley ilikuwa ya kuwashwa kwa kipimo mbele ya daktari, na hata hivyo iliua.

Vifo hivyo vikamfanya abadilishe njia. Akaacha bakteria hai, akachukua waliouliwa kwa joto, akachanganya na bakteria wa aina ya pili ambao leo wanaitwa Serratia. Mchanganyiko huo ukaja kujulikana kama sumu za Coley. Januari 1893 akamdunga kijana aliyekuwa na uvimbe mkubwa wa tumbo uliokwisha kushika mpaka ukuta wa tumbo. Sindano baada ya sindano, kila moja na homa yake na kutetemeka kwake, kwa miezi. Uvimbe ukayeyuka. Kijana huyo akaishi miaka 26 mengine, akaja kufa kwa moyo.

Tangu mwaka 1899 kampuni ya dawa ya Parke-Davis ikawa inaitengeneza na kuiuza. Coley mwenyewe alitibu watu karibu elfu moja kwa muda wa miaka arobaini, wengi kwenye hospitali ya saratani ya New York ambayo baadaye ikaitwa Memorial.

Sasa utauliza, ikiwa mambo yalikuwa hivyo, kwa nini tiba hiyo ilipotea? Jibu moja ni Coley mwenyewe. Hakuwa na mpangilio. Dawa ilitengenezwa kwa namna zaidi ya kumi, nyengine kali, nyengine kama maji. Mara anadunga kwenye uvimbe, mara kwenye misuli, mara kwenye mshipa. Daktari wa mji mwengine akiagiza dawa dhaifu na kumpa mgonjwa kwa wiki mbili tu, haponi, na daktari anaandika kwamba Coley muongo. Zaidi ya hapo hakuweza kueleza inafanyaje kazi. Wakati wake hakuna aliyejua kwamba damu ina askari wanaoitwa seli T. Alikuwa na wagonjwa waliopona na hana maelezo. Tangu mwaka 1894 jarida la chama cha madaktari wa Marekani lilikuwa limeshaikosoa tiba yake.

Jibu la pili ni mionzi. Eksirei iligunduliwa mwaka 1895, radiamu ikafuata, na hizo zilikuwa na hesabu na vipimo. Unampiga mgonjwa leo, uvimbe unasinyaa, kila mtu anaona. Coley hakuikataa, aliitumia mwenyewe mapema, lakini akasema mionzi inafika pale inapoelekezwa tu na ugonjwa uliotawanyika inauacha. Hapo Memorial, mkuu wake alikuwa James Ewing, bingwa mkubwa wa magonjwa ya uvimbe, ambaye aina moja ya saratani ya mifupa mpaka leo inaitwa kwa jina lake. Ewing aliiamini mionzi na hakuzitaka sumu za Coley. Miaka wakafanya kazi kwenye jengo moja namna hiyo. Mtu aliyewahi kupingana na mkubwa wake kazini anajua uchungu wake.

Kuna jambo jengine ambalo wenzake walimuona amepotea. Coley aliamini kwamba saratani inaletwa na kimelea kutoka nje ya mwili. Wakubwa wa wakati wake waliliona wazo la kizamani. Kweli, kwa saratani nyingi alikosea. Lakini mwaka 1911, kwenye mji huohuo wa New York, Peyton Rous alionyesha kwamba sakoma ya kuku inaweza kuhamishwa kwa majimaji yaliyochujwa mpaka hayana seli wala bakteria, yaani kwa kirusi. Rous alingoja mpaka mwaka 1966 kupewa Nobel. Na baada yake akaja Mjerumani Harald zur Hausen, akaonyesha kwamba kirusi cha HPV ndicho kinacholeta saratani ya shingo ya kizazi, akapewa Nobel mwaka 2008. Kirusi hichohicho, hasa aina ya 16, kinaleta sehemu kubwa ya saratani za tonsili na shina la ulimi katika nchi kama Marekani na Uingereza. Kaka hajavuta sigara maisha yake. Ilipopimwa nyama yake, ikaonekana ni HPV.

Hapa niseme jambo la nyumbani kwetu, kaka ameniruhusu. Daktari alipotamka kwamba ni kirusi, na kwamba kinapita kwa maingiliano ya mwanamume na mwanamke, shemeji alikaa kimya. Tulirudi nyumbani garini hakuna aliyesema neno. Siku mbili alipika, akaweka chakula mezani, akaondoka. Watu wameoana miaka 34. Ni muuguzi mmoja, mama wa makamo mwenye Kiswahili cha Tanga, aliyemuita pembeni ziara iliyofuata akamueleza. Kwamba kirusi hiki wengi wa watu wazima duniani hukutana nacho wakati fulani. Kwamba mara nyingi mwili unakifukuza wenyewe ndani ya mwaka mmoja au miwili bila mtu kujua. Kwamba kwa wachache kinajificha kwenye mikunjo ya tonsili, na saratani inaweza kutokea miaka ishirini au thelathini baadaye. Hakuna kipimo kinachosema kiliingia lini wala kutoka kwa nani. Shemeji alitoka pale akaja kukaa karibu na kaka, akamshika mkono, na habari hiyo haikurudiwa tena. Naandika hili kwa sababu najua kuna nyumba ambazo muuguzi huyo hayupo.

Sasa turudi kwa Coley na kile ambacho hakuweza kukieleza. Kirusi cha HPV kinapoiteka seli, kinaifanya itengeneze protini mbili zinazovunja breki zake za kukua, seli inazaana ovyo. Lakini protini hizo ni za kigeni, na seli T za mwili zinaweza kuzitambua kama adui. Ndiyo moja ya sababu wanazotaja wataalamu kwa nini saratani ya koo ya kirusi hiki kwa kawaida inaitikia mionzi na kemo vizuri kuliko ile ya wavuta sigara. Tatizo ni kwamba uvimbe nao una hila. Unajivika kitu juu yake, kinaitwa PD-L1, na seli T ikifika ikakigusa inapoa, kama mlinzi aliyeonyeshwa kitambulisho cha bandia. Mjapani Tasuku Honjo na Mmarekani James Allison ndio waliofungua siri ya breki hizi za kinga, na wakapewa Nobel mwaka 2018. Dawa ya kaka, pembrolizumab, inakaa katikati na kuzuia ule udanganyifu. Dawa haiuwi saratani. Inawaachia askari wauwe.

Coley alikuwa anafanya kinyume chake. Hakuachia breki, alikanyaga mafuta. Homa aliyoiwasha iliuamsha mwili mzima, na wakati mwengine, katika vurugu hiyo, askari waliuona uvimbe uliokuwa umejificha. Na saratani ya Zola ilikuwa sakoma, aina nyengine na hii ya kaka. Lakini askari ni walewale.

Dawa mpya imeruhusiwa Marekani kwa saratani za kichwa na shingo tangu mwaka 2016, na haimfai kila mtu. Kwa saratani iliyorudi baada ya mionzi, ikitumiwa peke yake, wanaosinyaa uvimbe ni kama mmoja kati ya watano, au pungufu. Na kinga iliyoachiwa breki inaweza kugeuka ikamshambulia mwenyewe: mapafu, matumbo, ini, tezi ya shingo. Kaka tezi yake imeshadhoofika, anameza kidonge kila asubuhi. Daktari alituambia yote haya kabla ya sindano ya kwanza, na namshukuru, kwa sababu tulikuja na matumaini ya mitandaoni.

Coley alistaafu mwaka 1933, akafariki Aprili 1936, umri miaka 74. Dawa yake ilikuwa imebaki kama jambo la pembeni. Mwaka 1963 mamlaka ya dawa ya Marekani ikaihesabu kuwa dawa mpya isiyothibitishwa, basi hata waliotaka kuitumia wakashindwa.

Aliyemuokoa ni binti yake, Helen Coley Nauts. Hakusomea udaktari. Baada ya kufa baba yake alitaka tu kuandika maisha yake, akaanza kufungua makaratasi, akakuta maelfu ya barua na kumbukumbu za wagonjwa. Akafanya kama alivyofanya baba yake na yale majalada mwaka 1891, alikaa akayapanga, mgonjwa mmoja mmoja, kapewa dawa gani, kwa muda gani, kaishi miaka mingapi. Akaonyesha kwamba waliopewa kwa nguvu na kwa muda mrefu ndio waliofanikiwa zaidi. Alipowapelekea wakubwa wa hospitali hawakumjali, mwanamke asiye na shahada anawafundisha nini? Mwaka 1953, kwa dola 2,000 alizopewa na Nelson Rockefeller, mtoto wa yule John aliyempoteza rafiki yake Bessie, akaanzisha taasisi ya utafiti wa saratani kwa njia ya kinga, Cancer Research Institute. Kwa miaka mingi ilikuwa kama peke yake kutoa pesa kwa watafiti wa fani hiyo. Helen alifariki mwaka 2001, ana miaka 93. Kupitishwa kwa dawa anayodungwa kaka leo hakukuona.

Jumanne iliyopita ilikuwa dripu ya tano. Picha za kabla yake zilionyesha matezi ya shingo yamepungua, na kile kidoa cha kwenye pafu kimebaki vilevile, hakikupungua wala hakikukua. Daktari kasema tuendelee mpaka ya nane ndipo apigwe picha tena. Nikamsomea kaka habari za Zola, polepole, mpaka pale koo lilipofunguka. Akanifanyia ishara nisogee, sauti yake siku hizi ni ndogo. Alitaka kujua yule Mtaliano alianza kula nini. Nikamwambia labda tambi. Akatikisa kichwa, akasema yeye ataanza na urojo, na shemeji aambiwe autie ukwaju kidogo tu.